Siku ya mmisionari kijana ugenini: ratiba, mwenzi na lugha

Shikamoo mama. Umeuliza mwanao, ambaye ameitwa kutumikia misheni, yaani kwenda kuhubiri dini kwa muda maalumu, katika nchi ya kigeni, atakuwa akifanya nini tangu anapoamka hadi anapolala, ataishi na nani, na kama utakuwa ukiisikia sauti yake. Nilitumikia misheni ya namna hiyohiyo, ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, katika nchi ambayo lugha yake sikuwa nikijua hata salamu zake kabla ya kuitwa. Nitakueleza maisha yalivyo siku za kawaida. Zile picha za ubatizo na tabasamu atakutumia mwenyewe.

Watu hudhani kwamba mmisionari anahubiri kutwa. Ukweli ni kwamba muda wa kuketi na mtu na kumfundisha ni mchache, na unaobaki hutumika kusoma, kupanga, kutembea, kusubiri na kutafuta. Kinachotawala maisha ya kijana huyo ni mambo mawili, yaani ratiba na mwenzi wake, mmisionari mwenzake anayepangiwa kuishi na kufanya kazi naye, na akipatana na hayo mawili, mengine huja kwa wepesi zaidi.

Ratiba ya kawaida ni kuamka saa 12:30 asubuhi, kusali, kufanya mazoezi ya mwili kwa nusu saa hivi, kuoga, kupata kifungua kinywa, kisha kusoma maandiko peke yake na baadaye pamoja na mwenzi. Anayejifunza lugha huongeza muda wa kuisoma. Baada ya hapo wanatoka nje, na usiku wanarudi, wanapanga kesho yao na kulala saa 4:30. Tangu mwaka 2017 saa hizo zimelegezwa kidogo, na rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wote wa eneo hilo, ambaye kwa kawaida hutumikia pamoja na mkewe kwa miaka 3, anaweza kuzirekebisha kulingana na mazingira ya eneo. Wapo wanaoiona ratiba hiyo kuwa ya kijeshi. Mimi niliiona kuwa rehema, kwa sababu asubuhi ambayo moyo ulikuwa mzito sikulazimika kujiuliza nifanye nini, bali nilifuata kilichoandikwa, na kabla ya adhuhuri uzito ule kwa kawaida ulikuwa umepungua.

Kuhusu mwenzi, wamisionari hutumwa wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wale sabini katika Luka 10, na kanuni ni kwamba wakae mahali wanapoweza kuonana na kusikiana muda wote, isipokuwa bafuni na katika mambo machache ya faragha. Hulala chumba kimoja, kila mtu kitanda chake. Mwanao hatamchagua mwenzi huyo, kwa kuwa rais wa misheni ndiye anayepanga, na kila baada ya wiki 6 hivi hutoka taarifa ya uhamisho inayosema nani anabaki, nani anahamia mji mwingine na nani anapewa mwenzi mpya. Wa kwanza huwa mkufunzi wake, ambaye humwongoza kwa takriban wiki 12.

Hapa ndipo penye kazi kubwa kuliko kugonga milango. Kijana ambaye pengine hajawahi kugawana chumba na mtu asiye wa familia yake anajikuta akila, akisali, akisoma na akinyeshewa mvua pamoja na mgeni ambaye hupenda taa iwake wakati yeye anataka izimwe. Ugomvi niliouona haukuhusu mafundisho ya dini hata mara moja, bali vyombo visivyooshwa, kuchelewa kuvaa viatu, na mwendo, maana yupo anayetembea kwa haraka na yupo anayetaka kusimama kwa kila mpita njia. Kila wiki wenzi hutengewa muda wa kuambiana wazi jinsi wanavyoendelea pamoja. Mwanzoni niliuona muda huo kuwa wa aibu tupu, lakini baadaye nilikuja kuuthamini kuliko mikutano mingine yote, kwa sababu manung'uniko yalikuwa na siku yake na hayakukaa wiki nzima yakichacha.

Mmoja wa wenzi wangu alitoka bara jingine kabisa, nasi hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana isipokuwa ile ya nchi tuliyotumikia, ambayo wote wawili tuliivunjavunja. Tulitaniana kwayo, tukakosana kwayo, tukaombana radhi kwayo. Sijui darasa lililonifundisha zaidi ya hilo.

Lugha yenyewe huanza kufundishwa kabla ya safari, ama kwa njia ya mtandao akiwa nyumbani, ama katika kituo cha mafunzo ya wamisionari, ama kwa vyote viwili. Walimu wengi ni vijana waliorejea kutoka misheni, nao humtaka mwanafunzi asali kwa lugha hiyo tangu siku za mwanzo kabisa. Jambo hilo lina akili yake, kwa kuwa maneno ya sala ni machache na hurudiwa kila siku. Hata hivyo, akifika atashtuka kuona watu wanazungumza kwa kasi ambayo hakuna mwalimu aliyeitumia. Nilisaidiwa na wazee na watoto, ambao hawana haraka wala haya ya kukusahihisha, na pia na kusoma Kitabu cha Mormoni, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kanisa letu, kwa sauti kila asubuhi hata pale ambapo sikuelewa nusu ya ukurasa. Nilijua kwamba lugha imeanza kuniingia siku nilipoweza kutambua kwamba mtu ananikatalia kwa adabu. Kabla ya hapo, kila aliyesema tupite siku nyingine nilimwandika kwenye daftari kwa furaha.

Maana kukataliwa kupo, tena kwingi. Saa ngumu kuliko zote ni za mchana, wakati watu wako kazini na milango mingi haina mtu, ilhali jioni ndiyo yenye matunda kwa sababu familia zimerudi. Wenzi wenye busara hujaza mchana kwa kazi za kujitolea, kwa kumtembelea muumini mgonjwa au aliyeacha kuhudhuria ibada, na kwa kusaidia kubeba mizigo ya anayehama. Katika matawi madogo, yaani makusanyiko yenye waumini wachache, Jumapili mmisionari huweza kuombwa atoe hotuba katika mkutano wa sakramenti, ambao ndio ibada kuu ya Jumapili, aongoze wimbo na afundishe darasa, yote katika asubuhi moja.

Siku moja katika wiki ni ya maandalizi. Hufua, hufanya usafi, hununua mahitaji, hunyoa, hucheza mpira na wamisionari wa jirani, na jioni hurejea kazini. Fedha za kujikimu hupewa kila mwezi kwa kiasi kinachotosha asiyetapanya, na pango la nyumba hushughulikiwa na misheni.

Sasa kuhusu sauti yake. Zamani wamisionari walizungumza na wazazi kwa simu mara chache sana kwa mwaka, wakati wa Krismasi na Siku ya Mama, na kwa wiki zilizobaki waliandika barua. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga simu au kuzungumza kwa video na familia kila wiki katika siku ya maandalizi. Ni baraka, lakini nakuomba uitumie kwa uangalifu. Ukimwuliza kila mara kama anataka kurudi, atatumia siku mbili zinazofuata akilifikiria swali hilo. Mwulize habari za mwenzi wake, wanafundisha watu gani, amejifunza neno gani jipya. Upweke utampata, hasa miezi ya mwanzo, na mara nyingi hupungua lugha inapofunguka. Lakini ukisikia kwamba halali usiku, hali chakula, au haoni maana ya jambo lolote, basi si upweke wa kawaida tena. Amwambie rais wa misheni bila kuficha, kwa sababu msaada wa kitaalamu upo, na anayerudi mapema kwa ajili ya afya hajamkosea Mungu wala wewe.

Miezi yake 24 ni mirefu ukiihesabu ukiwa nyumbani, kwa hiyo yatumie majuma haya ya kabla ya safari kumfundisha kupika vyakula vinne au vitano bila kuelekezwa, kufua, kushona kifungo na kupanga matumizi ya fedha ya mwezi mzima. Azoee kuamka mapema tangu sasa. Uchunguzi wa meno anaotakiwa kufanyiwa pamoja na ule wa afya asiuchukulie kama karatasi ya kujaza tu, bali atibiwe kila jino lenye hitilafu, maana kumweleza daktari maumivu ya jino kwa lugha uliyoisoma kwa wiki chache ni mtihani ambao simwombei.