Maji yanayopiga kibao: ni V au ni V toa u?

SWALI: Jambo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa uinjinia hapa Bukavu. Tulipewa mkondo wa maji wenye kipenyo cha milimita 50, unaotoka kwenye bomba kwa mwendo V wa mita 20 kwa sekunde na kupiga kibao bapa kinachokimbia mbele yake kwa mwendo u wa mita 8 kwa sekunde. Asistenti alitafuta masi ya maji kwa kutumia V − u. Zoezi lililofuata lilikuwa na namba zile zile, ila vibao vilikuwa vingi, vimefungwa kwenye gurudumu. Hapo akatumia V peke yake. Wenzangu wanasema alikosea. Tumfuate nani?

JIBU: Mfuateni asistenti. Kinachowapoteza ni ile kanuni ya kukariri ambayo wanafunzi wanapeana usiku wa kuamkia mtihani: “kibao kikitembea, toa u”. Naikuta kwenye karatasi mwaka baada ya mwaka, na inaniudhi kwa sababu inamfanya mtu aache kujiuliza maji yamekwenda wapi.

Basi tujiulize. Tundu la bomba lina eneo la mita za mraba 0.00196, kwa hiyo kila sekunde linatoa kilo 39.3 za maji. Kibao kikiwa kimoja na kinakimbia, kinachokifikia ni kilo 23.6 tu. Kilo 15.7 zimebaki wapi? Zimo hewani, kati ya bomba na kibao. Ndani ya sekunde moja kibao kimesogea mita 8, na mkondo umerefuka mita 8. Kipande hicho kilichoongezeka ndicho kilo 15.7, na hakijagusa kitu. Ndiyo maana tunatoa u.

Kwenye gurudumu mkondo haupati nafasi ya kurefuka. Kibao kimoja kikisogea, kingine kinaingia nyuma yake, kinaukata mkondo na kuyachukua maji ambayo cha kwanza kiliyaacha. Vibao vyote kwa pamoja vinapokea kilo 39.3 kila sekunde, sawasawa na zinazotoka bombani. Ukitoa u hapa, umetupa kilo 15.7 kila sekunde, na huna pa kunionyesha zilipomwagikia.

Angalieni pia kosa la upande wa pili. Masi ya maji ni swali moja, na mabadiliko ya mwendo wa maji hayo ni swali lingine. Kwenye gurudumu masi inahesabiwa kwa V, lakini kila tone likigonga kibao bapa linapoteza V − u, yaani mita 12 kwa sekunde, kwa sababu baada ya kugonga linaendelea mbele pamoja na kibao. Kwa hiyo msukumo ni 39.3 mara 12, nyutoni 471, na nguvu ni 471 mara 8, karibu wati 3770. Kibao cha peke yake kinapata nyutoni 283 na wati 2260. Mkondo wenyewe unabeba wati 7850. Jibu lolote linalopita hapo lifutwe kabla hujaliandika kwa kalamu ya wino.

Gurudumu la vibao bapa halivuki nusu ya nguvu ya mkondo, na nusu hiyo linaipata u ikiwa nusu ya V. Vikombe vilivyopinda, kama vile mvumbuzi Lester Pelton alivyovipatia hataza Marekani mwaka 1880, vinayarudisha maji nyuma na kukaribia kuzidisha msukumo mara mbili. Masi ya maji inabaki ile ile.

Hesabu hii ina kazi nje ya darasa. Umeme wa mitambo ya mto Ruzizi haujafika kwenye vijiji vingi vya Walungu na Kalehe, huku kwetu Kivu Kusini, na huko wanapita watu wanaouza turbini zilizoundwa kwa kuchomelea. Hesabu yao ni hii: wanalishika gurudumu lisizunguke, wanapima msukumo, kisha wanaliachia lizunguke bure, wanapima mwendo, halafu wanazidisha. Kwa mkondo wenu watapata msukumo wa nyutoni 785 (39.3 mara 20) mara mwendo wa 20, wati 15,700, mara mbili ya nguvu iliyomo ndani ya maji! Vipimo vyote viwili ni vya kweli, ila havikutokea wakati mmoja. Gurudumu lililoshikwa halitoi hata wati moja. Linalokimbia sawa na maji halisukumwi tena. Wanakijiji wanachanga dola zao, wanafunga mtambo, na taa tatu zikiwaka ya nne inazima zote. Anayeuza kwa hesabu hiyo anawaibia watu, hata kama amebeba cheti.

Anayetaka kununua aanze na maji. Apime lita zinazoshuka kwa sekunde, na apime kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, wala si baada ya mvua ya mwezi wa nne. Azidishe lita hizo kwa mita za mporomoko, kisha kwa 9.81. Lita 20 kwenye mita 30 ni karibu wati 5900, kabla bomba, gurudumu na jenereta havijachukua sehemu yao. Kwenye mitambo midogo mimi nahesabu kwamba zitabaki kama nusu, labda zaidi kidogo kama fundi ni mzuri. Muuzaji akitaja kilowati 10 hapo, msiendelee kuzungumza bei. Akitaja 3, aufungie mhimili breki ya kamba na mizani, apime msukumo na mizunguko kwa wakati mmoja gurudumu likiwa linafanya kazi, na wenye pesa wawe wamesimama pale wanasoma mizani wenyewe.