Usibonyeze "Badilisha Zote": yaliyonipata na neno "kuwa"

Mkuu, toa mkono kwenye kipanya kwanza. Salamu baadaye.

Umesema huu ndio mswada wako wa kwanza kusoma prufu, umemkuta mwandishi kajaza "ila" kila palipotakiwa "lakini", na unataka uzigeuze zote kwa mpigo mmoja kwa sababu unakabidhi kesho. Nilipofika hapo tumbo lilinikata. Umeuliza pia habari za mkato, alama za mtajo, "ambae" na "ambaye", na herufi kubwa kwenye vyeo. Nitafika huko. Hili la kwa mpigo haliwezi kungoja.

Programu haijui neno ni kitu gani. Ukiiambia igeuze "ila", yenyewe inasaka herufi tatu zinazofuatana, popote zilipo. "Kila kabila lina mila zake" itakurudia hivi: "Klakini kablakini lina mlakini zake." Bado hujafika kwenye "bila", "hila" na "silaha". Cheka tu, hata mimi ningecheka kama nisingekuwa nimeshayaona ya kwangu.

Ya kwangu yalikuwa "kuwa".

Nilikuwa na mswada wa kumbukumbu za maisha za mwalimu mstaafu, kurasa mia mbili na kitu. Nilikuwa nimeusoma mara mbili, neno kwa neno, mara ya pili kwa sauti. Ulikuwa safi. Jioni ya kukabidhi, mhariri aliyekuwa juu yangu akanipigia simu. Bwana yule alikuwa na sheria zake alizozitoa anakojua mwenyewe, na mojawapo ni kwamba "kuwa" ni kitenzi tu, kwa hiyo anayeandika "alisema kuwa atakuja" hajui Kiswahili, lazima iwe "alisema kwamba". Akaniambia nifungue dirisha la Tafuta na Badilisha (ndiyo Ctrl+H), nanukuu kwa uchungu: "Ctrl+H, kuwa, kwamba, Badilisha Zote. Dakika moja."

Dakika moja kweli. Programu ikanipongeza kwamba imebadilisha sehemu zaidi ya elfu moja. Badala ya kushtuka (mwandishi gani anasema "kwamba" mara elfu?), nilijiona fundi. Nikahifadhi, nikafunga, nikatuma.

Sasa twende taratibu uone. Sura ya kwanza ilikuwa inaanza, "Baba yangu alikuwa mkulima." Ikawa "Baba yangu alikwamba mkulima." "Sikuwahi kumwona akilia" ikawa "Sikwambahi kumwona akilia." Mzee alikuwa amewahi kupita Kuwait, nchi nzima ikageuka Kwambait. Na ukurasa wa shukrani, ule ambao ndugu na jamaa hufungua kabla ya kurasa nyingine zote, ukasomeka: "Napenda kwambashukuru wanangu."

Kwambashukuru.

Utauliza ilikuwaje hakuna aliyeona. Mistari myekundu ya makosa nilikuwa nimeizima tangu siku ya kwanza, kwa kuwa lugha ya faili ilikuwa Kiingereza na karibu kila neno la Kiswahili lilikuwa limepigiwa mstari. Msanifu kurasa hasomi, anapanga. Mwandishi alitumiwa PDF akaambiwa aangalie picha na namba za kurasa tu, "maneno yameshasomwa". Yameshasomwa na nani? Na mimi, kabla sijayaharibu. Nakala mia tano zikachapwa.

Simu ya mzee ilikuja asubuhi. Hakufoka. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Kijana wangu, hiki ni Kiswahili cha wapi?" Ingekuwa nafuu angetukana.

Kuna msomaji alidhani mzee anasema babake aliwamba ngoma. Sawa, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mimi niliivutia mpaka ikapasuka. Malipo yangu ya miswada mitatu iliyofuata yalikwenda kufidia uchapaji. Na yule bwana wa dakika moja? Kwenye kikao alisema, "Ulipaswa kukagua." Basi. Hakukatwa hata senti, na nasikia bado anafundisha vijana ile Ctrl+H yake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata sheria yenyewe ilikuwa ya uongo. Fungua kamusi yoyote nzuri, utakuta "kuwa" ni kitenzi na pia ni kiunganishi. "Alisema kuwa" na "alisema kwamba" zote ni sahihi. Mzee alikuwa anazitumia zote mbili kwa sikio lake, na sikio lake lilikuwa bora kuliko letu sote pale ofisini. Niliharibu kitabu cha mtu kurekebisha kosa ambalo halikuwepo.

Najua wajuaji wa humu watasema, "Si ungeweka alama kwenye kisanduku cha neno zima tu?" Jamani. Ukiweka, "alikuwa" itapona, ni kweli. Lakini "anataka kuwa daktari" itakuwa "anataka kwamba daktari", na "alisema kwamba kuwa mjane si kosa" itakuwa "alisema kwamba kwamba mjane si kosa". Mashine imeheshimu neno zima, maana ndiyo imekufa.

Na "ila" yako ni hivyo hivyo, mkuu. "Hakuja mtu ila mdogo wake" maana yake ni isipokuwa mdogo wake. Weka "lakini" hapo, sentensi inalemaa. "Binti asiye na ila" ni asiye na dosari. Baada ya mpigo wako atakuwa binti asiye na lakini. Kama mswada una shahada ya Waislamu ndani yake, ile ya "hapana mola ila Mwenyezi Mungu", usithubutu hata kuwaza. Tena hizo "ila" unazotaka kuzifuta, una uhakika mwandishi amekosea? Wengi huitumia kwa maana ya lakini, hasa kwenye mazungumzo. Mhusika akisema "nakupenda ila unanichosha", huyo ni mtu anaongea, mwache aongee.

Mwingine atakushauri uweke nafasi kabla na baada ya neno unalolisaka. Utaziruka zote zinazofuatwa na mkato au nukta, na zilizo mwanzo wa aya. Nusu zitageuka, nusu zitabaki, na huo ni mchafuko mbaya kuliko ule uliouanza nao. Mwingine atasema washa ufuatiliaji wa mabadiliko, ili kila kilichoguswa kiwekewe alama. Vizuri, washa, lakini ukishamwekea mwandishi alama elfu moja pembeni, kitu atakachofanya ni kubonyeza "Kubali zote", halafu mmerudi pale pale.

Kinachofanya kazi ni hiki: Tafuta Inayofuata. Soma sentensi nzima, siyo neno. Amua. Badilisha hiyo moja, au iache. Inayofuata. Kama ziko mia tatu, ni mia tatu. Nikianza kusinzia nasimama, naosha uso, narudi. Nahifadhi kwa jina jipya kabla ya kuanza, kwa sababu ukishafunga faili, Ctrl+Z, ile ya kutendua, haikumbuki ulichofanya.

Hata kwa makosa ya wazi nafanya hivyo. "Ambae" yako, kwa mfano, ndiyo, sanifu ni "ambaye". Geuza zote kwa mpigo halafu ukutane na "mwache mtoto atambae" imekuwa "atambaye". Au yule aliyeandika "mahari" akimaanisha "mahali": safisha kwa pupa, ufike sura ya harusi ukute bwana harusi analipa mahali.

Mkato kabla ya "lakini", weka ikiwa inaunganisha sentensi mbili kamili. Alama za mtajo, chagua mtindo mmoja uushike mpaka mwisho wa kitabu. Lile la vyeo wenzangu watakujibu, mimi mkono umeshaanza kutetemeka.

Na kama ulishabonyeza kabla ya kusoma hapa, fungua faili sasa hivi utafute "klakini". Ukiiona hata moja, usihifadhi wala usifunge. Jaribu Ctrl+Z kwanza, kisha rudi hapa uniambie imegoma au imekubali.