Ukituma kazi ipitiwe, sema unataka nini

Aliyewahi kufanya kazi kwenye timu ya kuandika ripoti anaijua meseji hii: "Jamani, naomba mnipitie." Ijumaa jioni, faili la kurasa arobaini, hakuna neno jingine. Jumatatu majibu yanaingia: "Iko vizuri." "Safi sana, hongera." Mmoja amerekebisha nukta mbili kwenye ukurasa wa kwanza. Ripoti inakwenda kwa mteja, na swali tulilopaswa kuulizana sisi wenyewe analiuliza yeye, kikaoni, mbele ya watu.

Mimi niko Mwanza, kwenye timu inayokusanya takwimu za uvuvi kwenye mialo ya Ziwa Victoria (sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki) na kuziandikia ripoti. Kupitiana kazi ni sehemu ya kila wiki yetu. Kwa niliyoyaona, mapitio yakiwa hafifu, mara nyingi tatizo limeanzia kwa aliyetuma. Mtu ana kazi zake. Ukimtupia kurasa arobaini bila kumwambia mashaka yako yako wapi, atashika kinachoshikika upesi, yaani tahajia, nukta na rangi ya jedwali, halafu atakuandikia "iko vizuri" kwa moyo mweupe kabisa.

Kwa hiyo ombi la mapitio liandikwe kama ombi. Kijana mmoja wa timu yetu aliwahi kumwandikia mwenzake hivi, na tangu siku hiyo nawaonyesha wageni wote wa ofisi: "Kaka, hii ni rasimu ya pili ya sura ya dagaa. Utangulizi uruke, nitaunyoosha mwenyewe. Naomba uniangalizie jedwali la 3 na aya mbili zinazolifuata. Nimesema mwalo wa kwanza unapata dagaa wengi kuliko wa pili. Je, namba zinanibeba? Nikipata majibu Jumatano mchana nitashukuru, Alhamisi tunatuma." Ameeleza rasimu imefikia wapi, nini kisiguswe, swali lake ni lipi na mwisho ni lini. Mpokeaji akisoma hapo anajua saa yake moja aiweke wapi.

Na aliyepokea aliiweka mahali pake. Ni mzaliwa wa Igombe, amekulia kwenye mitumbwi. Sentensi hakuzigusa. Pembeni mwa jedwali aliacha maoni ya mstari mmoja: "Tarehe hizi mwezi ulikuwaje?"

Kwa asiyelijua ziwa letu: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mwanga wa taa huwavuta dagaa wakusanyike. Siku za mbalamwezi anga lote lina mwanga, taa haina nguvu ya kuwavuta, na wavuvi wengi hupumzika, hushona nyavu au hurudi nyumbani hadi giza lirudi. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo ukikaa mwaloni wiki moja unaweza kuangukia giza tupu au mbalamwezi tupu. Mwalo wa kwanza ulitembelewa gizani. Wa pili ulitembelewa mwezi mpevu. Tofauti iliyoonekana kwenye jedwali ilikuwa ya mwezi, wala haikuwa ya samaki. Zile aya mbili ziliondolewa, na ratiba ya uwandani ikapangwa upya ili kila mwalo upimwe katika siku zinazofanana za mwezi.

Swali lile lilikuwa la maneno manne tu. Ndiyo maana nasisitiza mpitiaji aanze na mazito. Kwetu mazito ni haya: namba imetoka wapi, ilichukuliwa lini, na iko kwenye kipimo gani. Hilo la kipimo linatutesa sana, kwa sababu mwaloni dagaa huuzwa kwa sado, kwa ndoo, kwa gunia. Mmoja anaandika ndoo, mwingine anageuza kuwa kilo, wa tatu hasemi kama ni wabichi au wakavu, na kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi zikikauka zinabaki kama kilo moja tu. Jedwali linaweza kupendeza machoni huku limechanganya vitu visivyolingana. Ukimaliza hayo ndipo uangalie kama hitimisho linafuata namba. Lugha ije mwisho. Kumkumbusha mtu kwamba Rastrineobola argentea, jina la kisayansi la dagaa wetu, huandikwa kwa italiki ni haki kabisa, lakini kwenye aya itakayofutwa kesho italiki hiyo inamsaidia nani?

Maoni yenyewe yaandikwe yakamilike. "Hapa sijaelewa" humwacha mwandishi akikuna kichwa. Andika ulichokiona, kwa nini kina shida, na ungeridhika na nini: "Jedwali linasema ndoo, aya inasema kilo. Mteja atadhani tumekosea hesabu. Chagua kimoja, na uweke chini ya jedwali namna ulivyogeuza." Sisi tumezoea kutanguliza neno moja: LAZIMA au PENDEKEZO. Bila hivyo mwandishi mwenye haraka hurekebisha madogo yote, ambayo ni rahisi, na lile kubwa moja likabaki.

Sasa nije kwenye jambo ambalo maelekezo mengi ya kazi huliruka, nalo ni umri. Timu yetu ina mzee aliyefanya kazi ya uvuvi kabla wengine hatujaanza shule. Asubuhi tunamwamkia shikamoo, na ni haki yake. Akituma rasimu, kijana wa mwaka wa kwanza kazini atamjibu nini? "Nashukuru mzee, nimejifunza mengi." Amejifunza kweli, lakini hajapitia kitu. Kumwambia kijana "kuwa jasiri" hakusaidii, kwa sababu kwake kumkosoa mzee ni utovu wa adabu, na malezi hayo siyo mabaya hata kidogo.

Aliyefungua njia ni mzee mwenyewe. Humwita kijana kwa jina na kumpa kazi: "Mwanangu, nitafutie mahali patatu ambapo mteja atanibana." Hapo kijana akirudi na mahali patatu ametii, hakukosoa. Nawaomba sana viongozi wa timu walichukue hili. "Naomba maoni yenu" huzaa pongezi, lakini ukiomba mahali patatu utaletewa mahali patatu. Na wewe kijana, adabu usiiache. "Samahani mzee, naomba kuuliza kuhusu ukurasa wa 12" ni mwanzo mzuri, mradi baada ya samahani lije swali lenyewe.

Kwenye grupu la WhatsApp la ofisi toa pongezi tu. Kosa la mtu lisipelekwe huko, hata kwa utani, maana bosi yumo, dereva yumo, na mwenye kazi anasoma akiwa kwenye daladala ya Buzuruga hana pa kujificha. Zito lizungumzwe ana kwa ana au kwa simu, kisha liandikwe kwenye faili kwa upole, lisipotee.

Kwako uliyepokea maoni: usijibu ukiwa bado umechomwa. Lala, asubuhi pitia moja moja, na kila moja ulijibu. "Nimebadilisha." "Sijabadilisha, kwa sababu mteja ndiye aliyetaka mpangilio huu." Kukataa kwa sababu ni ruhusa kabisa, na mpitiaji mzuri hakasiriki. Kinachomvunja moyo ni kimya. Mtu akikupa jioni yake nzima, halafu anaiona ripoti imetoka bila kujua maoni yake yaliishia wapi, safari nyingine atakuandikia "iko vizuri" na hutakuwa na la kumlaumu.

Mambo ya faili niyataje haraka. Faili lishikwe na mtu mmoja, jina lake libebe tarehe badala ya "mwisho" na "mwisho kabisa", na mabadiliko yawe yanaonekana, siyo kufutiana kimyakimya. Mwenzako akiwa uwandani Ukerewe na simu yenye bando dogo, mtumie maandishi na majedwali tu, picha zibaki ofisini.

La mwisho ni nani apitie. Mimi huchagua wawili. Wa kwanza alijue ziwa, kama yule wa Igombe. Wa pili awe mtu asiyejua lolote kuhusu dagaa. Kwetu ni dada wa uhasibu, naye simpi ripoti nzima, nampa muhtasari wa ukurasa mmoja na kalamu. Nikimwomba, namwambia akwaruze mstari pale tu anapolazimika kusoma mara mbili, asihangaike kueleza sababu. Mistari hiyo ndiyo naanza nayo siku inayofuata, kabla sijafungua maoni ya mtu mwingine yeyote.