Kabla hujavisha paipu kwenye spana

Vijana wangu wa fildi, karibuni karakana. Mnajituma, mnawahi asubuhi, hata chai mnanikumbuka, sina shida na nyie. Ila wiki hii kuna plau la diski limetoka hapa lina bolti zimekatwa vichwa halafu aliyekata anacheka, anasema "fundi nina nguvu". Hapana mdogo wangu, huna nguvu, una haraka. Nguvu ilikuwa ya ile paipu aliyoivisha kwenye mpini wa spana kuurefusha.

Kila msimu ni hivi hivi. Mvua zikikaribia ndo watu wanakumbuka kwamba haro imelala chini ya mgunga tangu mwaka jana, imenyeshewa, kuku wametagia humo, sasa inaletwa mbio mbio na mwenye shamba anataka kesho iwe inalima. Na nyie mnaipokea na haraka yake yote. Kutu haina habari na haraka ya mtu. Chuma kikishaliwa na kutu kinavimba, ile kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe kilichokuwepo, kwa hiyo katikati ya uzi wa bolti na uzi wa nati panakuwa pamejaa na kubanana kote. Ndo maana haitoki. Sasa naandika haya ili nisiyarudie kila nikisikia "tak!" kule nyuma.

1. Jua kwanza bolti ni ya inchi au ya milimita. Hizi trekta za Massey za zamani, 135 na 165 za Uingereza za miaka ya 1960 na 1970, zilikuja na bolti za inchi. Robo tatu ina bahati, ni kama milimita 19.05 kwa hiyo spana 19 inaingia kwa kubanana, na 15/16 unaifungua kwa 24. Shida ni 9/16, hiyo ni 14.3 hivi, spana 14 haiingii na 15 inacheza. 11/16 ni hivyo hivyo, 17 haiingii na 18 inacheza, na kijana akiona 18 imeingia anafurahi anavuta, pembe zote za kichwa zinaisha, bolti inabaki mviringo halafu anakuja kuniita. Na tangu miaka hiyo trekta limepita kwa mafundi wengi, kila mmoja kaweka bolti aliyokuwa nayo mfukoni, unakuta kwenye kifuniko kimoja bolti ya inchi na ya milimita zimekaa jirani. Pima kila moja. Spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo, iacheni, ile ni ya bomba la maji nyumbani kwa shemeji yako, kwenye bolti yenye kutu sitaki kuiona. Tumieni soketi ya pembe sita, ya pembe kumi na mbili inakamata kwenye ncha tu.

2. Safisha. Brashi ya waya, ukwangue udongo na kutu mpaka uone uzi, ndipo umwagie. Mnamwagia dizeli juu ya tope halafu mnasubiri muujiza.

3. Cha kumwagia. WD-40, ile ya kupuliza ya kulegeza kutu, ipo kwenye kabati, ya mtu anayejua kusubiri. Dizeli inafanya kazi ila polepole, mwagia jioni, rudia usiku kama unalala hapa, asubuhi ndo uguse. Breki fluidi inapenya lakini inakula rangi, sasa wewe pakaza kwenye boneti ya mtu uone atakavyokuangalia. Kuna wanaochanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, na kweli inapenya vizuri, ila asetoni inashika moto upesi mno, ukishaimwaga usije na gesi ya kuchomelea hapo, na sigara yako kaivutie kule getini. Soda sitaki kuisikia, inyweni tu.

4. Nyundo kabla ya spana. Gonga kichwa cha bolti, kimenyooka, makofi mafupi ya nguvu, ule mshtuko ndo unaovunja kutu ndani. Nati ya pembeni weka nyundo nzito upande wa pili iwe kama fuawe halafu gonga huku, zungusha, gonga tena. Ukiwa unagonga ncha ya uzi weka nati juu kwanza, usipondeponde uzi halafu nati ikakosa pa kupita.

5. Uzi wa kushoto. Sio kila kitu kinafunguka kinyume cha saa jamani. Toplinki ya trekta, ile fimbo ya juu inayoshika plau nyuma, upande mmoja uzi ni wa kulia na mwingine wa kushoto, si ndo maana ukizungusha lile bomba la katikati inarefuka na kufupika. Kuna kijana mwaka juzi alikuwa anaifungua ncha ya kushoto, kumbe anaikaza, kaenda kumwita mwenzake wakaikaza wawili, wakaenda kuchukua paipu ndefu zaidi, mimi niko mlangoni nakula muhogo nawaangalia. Niliwaacha kidogo, nakiri. Tairodi, zile fimbo za usukani, nazo hivyo hivyo, na mtungi wa asetilini pia nati yake ni ya kushoto. Angalia mlalo wa uzi kabla hujavuta.

6. Kaza kidogo kwanza. Ndiyo, kaza. Ile kusogea hata unywele kunavunja kutu, halafu legeza, kaza, legeza, unaongeza oili. Ukipata robo mzunguko usishangilie ukaimaliza yote, rudisha, ule unga wa kutu utoke, la sivyo inakwama tena katikati na hapo ndo inakatika kabisa.

Na hapa kwenye kuvuta ndo nataka mnisikilize, maana nililipa mshahara kujifunza hiki kitu.

Nilikuwa kijana kama nyie, fundi wangu kaenda msibani kaniachia karakana, mara ya kwanza naachiwa peke yangu, nimevaa ovaroli ya kwake hata sio ya kwangu. Ikaja Massey 240 ya mzee mmoja wa huku juu, ile yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, gasketi ya ekzosi imeungua, inapiga kelele na moshi unatokea ubavuni. Kazi ndogo. Unafungua nati, unatoa manifodi, lile bomba la kukusanya moshi wa injini, unasafisha, gasketi mpya, unarudisha. Nati zikatoka vizuri isipokuwa moja ya mwisho, na stadi za ekzosi, zile bolti zisizo na kichwa zinazokaa kwenye injini, mnazijua, zinapata moto kila siku na kupoa kila siku kwa miaka, kutu yake sio ya kawaida. Nikaimwagia dizeli, nikasubiri kidogo tu, muda wa kunywa chai, maana mzee alikuwa amekaa pale ananiangalia na mimi nataka anione fundi. Nikavisha paipu ya maji kwenye mpini wa soketi. Nikavuta. Ikaanza kwenda! Laini kabisa, bila kelele, nikamgeukia mzee nikatabasamu. Ikakatika usawa wa silinda hedi, hata pa kushika na praizi hapakubaki.

Sasa hapo ningeacha, ningemsubiri fundi, mambo yangeishia hapo. Lakini aibu. Nikakimbia dukani nikanunua ekstrakta, ile ya kutoboa katikati ya stadi halafu unaipigilia na kuzungusha kinyume. Nikatoboa kwa drili ya mkono bila kupiga senta panchi, tundu likaenda pembeni. Nikaingiza ekstrakta, nikazungusha, ikafanya "tik", imekatikia ndani. Ekstrakta ni chuma kigumu mno, nikajaribu kuitoboa biti zikawa zinateleza zinatoa cheche zinaisha ncha, nikaharibu biti za fundi zote nzuri. Na tafakarini hili ambalo mimi sikulitafakari: kama stadi nzima imekatika kabla haijakubali kuzunguka, hicho kijichuma chembamba kinachoingia ndani yake kitaizungusha kwa nguvu gani? Ekstrakta ni ya bolti iliyokatika kwa kugongwa au kwa kuzidiwa mzigo, ambayo bado iko huru kwenye uzi. Iliyokatika kwa kutu, ekstrakta inaongeza msiba juu ya msiba.

Halafu nikafanya kitu kibaya kuliko vyote. Nikafunika. Nikapaka silikoni nyekundu, ile ya kuhimili joto, nikarudisha manifodi na nati zilizobaki, nikawasha, ikatulia, mzee akalipa akaondoka anashukuru. Ananishukuru mimi! Silikoni haikukaa, moto ukapita pale pasipo na stadi, manifodi ikapinda, na ilivyorudi mvua ilikuwa imeshashika, majirani zake wanapanda na yeye trekta lake liko kwetu limefunguliwa. Hakunigombeza. Alikaa kwenye debe pale pale alipokaa siku ile, akawa anamuuliza fundi maswali kwa adabu kabisa, na mimi nilikuwa naosha sehemu ambazo zilikuwa safi tayari.

Fundi wangu aliitoa hivi. Ile ekstrakta aliivunjavunja kwa panchi, maana chuma kigumu vile hakipindi, kinapasuka, akakitoa vipande kwa sumaku. Halafu akajaza kwa weldingi ndani ya tundu taratibu, akaweka nati juu yake akachomelea katikati ya nati mpaka ikashikana na stadi. Akaacha ipoe yenyewe. Ikiwa bado ina joto akaigusisha mshumaa, nta ikayeyuka ikaingia kwenye uzi. Akachukua spana ya kawaida, mkono mmoja, ikalia "kwiii" ikatoka. Mimi nimesimama. Akanikabidhi ile stadi na nati yake akasema "hii ni ya kwako, umeshailipia", na kweli mwisho wa mwezi nilikuta nimeilipia, pamoja na manifodi na biti.

Kwa hiyo: bolti inayofunguka inalia. Inatoa mlio, au inafanya "ka!" halafu uzito unapungua ghafla. Bolti inayokufa inakwenda kimya na laini kama unavuta mpira. Ukihisi ule ulaini acha hapo hapo, legeza mkono, ukiona spana imerudi nyuma yenyewe basi hukuwa unaifungua, ulikuwa unainyonga. Kama huna hakika piga mstari wa chaki kutoka kwenye ncha ya stadi mpaka kwenye nati, vuta, angalia. Mistari ikiachana nati inatembea. Ikienda pamoja, weka spana chini ukanywe hiyo chai, safari hii kikombe kizima.

7. Moto. Pasha nati, sio bolti. Nati yenye tundu la milimita 20 ukiipandisha nyuzi 400 inatanuka kama sehemu ya kumi ya milimita, ni ndogo lakini kutu inahitaji hiyo tu. Fanyieni kivulini, juani hamwoni wekundu mnapitiliza. Usimwagie maji chuma cha kalibu kikiwa cha moto, kinapasuka. Ikiwa ni rimu yenye tairi, hakuna moto kabisa, tairi lenye upepo likipashwa linaweza kulipuka na linaua, na kutoa upepo peke yake hakutoshi, tairi linatoka kwanza kwenye rimu. Na chuma chenye zinki ule moshi mweupe unaleta homa, kaa upande upepo unakotoka.

8. Kuna wakati wa kukata. Bolti za plau na haro ni rahisi kuliko muda wenu, kama kuna nafasi chukua grenda au tindo, pasua nati upande mmoja, maliza. Subira yote niliyoisema ni ya bolti zilizoingia kwenye blok, hedi na giaboksi, ambako ukikata umeliumiza trekta.

9. Wakati wa kufunga. Mnafungua kwa machozi halafu mnarudisha pakavu! Pakeni grisi ya shaba, au hata grisi ya kawaida kama sio sehemu ya moto. Ekzosi wekeni nati za shaba, hazigandi na stadi. Na angalieni kichwa: mistari mitatu ni gredi 5, sita ni gredi 8, za milimita zimeandikwa 8.8 au 10.9, rudisha iliyokuwepo. Isipokuwa ile pini ya kukatika kwenye shafti ya slasha, ile mashine ya kufyeka majani, hiyo inatakiwa iwe laini, na nimeona mtu kaweka bolti ya 10.9 eti "isinisumbue tena". Haikumsumbua. Ilisumbua giaboksi.

Trela lililoingia leo jioni limeshamwagiwa. Asiguse mtu mpaka nifike, na aliyechukua soketi yangu ya 9/16 airudishe kwenye boksi kabla sijaanza kutaja majina.