Re: Baba watoto anaficha kipato, nifanyeje?

Pole sana dada. Mtu mwenye Coaster mbili za Moshi–Arusha kumwambia afisa ustawi wa jamii kwamba anaingiza laki moja na nusu kwa mwezi, hapo anakutania.

Usipoteze nguvu kubishana naye kuhusu mshahara, maana hana mshahara. Anza na hesabu, yaani pesa ambayo dereva anampelekea mwenye gari kila siku. Dereva wake anampelekea hesabu hiyo, na kila anayefanya kazi stendi anajua kiasi chake. Tafuta mtu mmoja aliye tayari kulisema hilo mbele ya hakimu. Kisha andika namba za magari, kadi zina jina la nani (wengi huandikisha kwa jina la kaka), ada ya shule aliyokuwa akilipa mwaka jana, na miamala aliyokutumia wewe kwenye simu. Yako tu. Simu yake usiiguse, utajitafutia kesi nyingine.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama iangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi. Kwa hiyo na wewe biashara yako ya mitumba pale Kiboriloni itaulizwa. Itaje kama ilivyo. Mdogo wangu alificha kibanda chake, mwanasheria wa mumewe akakishikilia hicho hicho siku nzima.

Ustawi wakishindwa kuwapatanisha, fungua maombi ya matunzo mahakamani, na uombe aamriwe kuleta taarifa zake za benki.