Benoit au Benway? Tafuta yote mawili

Dada, katika kutafuta mababu wa mumeo, kumbuka kwamba jina lake la ukoo, Benoit, ni la Kifaransa na hutamkwa "benwa". Ile t ya mwisho haisikiki. Ndiyo maana babu yake umemkuta kwenye sensa ya Vermont, jimbo la Marekani, kama Benway. Karani asiyejua Kifaransa aliandika alichosikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma, basi likabaki hivyo hivyo. Wengine majina yao yalitafsiriwa kabisa kwa Kiingereza: Boisvert akawa Greenwood, Roy akawa King. Ukitafuta tahajia moja tu utakesha bure.

Ufaransa iache kwanza. Wengi wa wenye majina haya ya Kifaransa waliingia New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, Vermont ikiwemo, wakitokea Quebec, jimbo la Kanada linalozungumza Kifaransa, hasa kati ya 1840 na 1930, wakifuata kazi za viwanda vya nguo. Anza na cheti cha ndoa cha Vermont, chukua majina ya wazazi, ndipo uvuke mpaka wa nchi na kuingia kwenye vitabu vya parokia za Kikatoliki za Quebec. Picha za vitabu hivyo ziko bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Mapadri wale walikuwa makini, nawavulia kofia: mwanamke huandikwa kwa ubini wa kwao hata baada ya kuolewa, na kwenye ndoa hutajwa wazazi wa pande zote mbili.

Ukikuta "Benoit dit Livernois", huyo ni mtu mmoja. Dit ni "aitwaye", na kinachofuata ni lakabu, nyingi zikitokana na enzi za uaskari. Watoto waliweza kushika jina lolote kati ya hayo, kwa hiyo kamata Livernois pia.