Kivumbasi cha mchuzi na kivumbasi cha mbu

SWALI: Jirani alinipa mche wa kivumbasi, nikaupanda kwenye ndoo kuukuu barazani. Umestawi vizuri, lakini kila nikitia majani yake kwenye mchuzi wa samaki, chakula kinanuka dawa ya kuchua. Je, tatizo ni udongo au ni upishi wangu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, udongo hauhusiki, na upishi wako nadhani hauna neno. Yaelekea mche uliopewa si wa kiungo.

Watu huita kivumbasi mimea kadhaa ya jamii ya mrehani. Mmojawapo, Ocimum kilimandscharicum, una majani madogo yenye vinyweleo na rangi ya kijivujivu, na mafuta yake yana kafuri nyingi. Ndiyo maana wakulima wanaopakana na Msitu wa Kakamega huulima kwa ajili ya dawa ya kuchua. Huo uache barazani ufukuze mbu, wala usiutie chunguni, kwani kafuri ikizidi ni sumu, hasa kwa watoto.

Unaoutafuta ni Ocimum gratissimum, kichaka kinachoweza kupita kimo cha mtu, chenye majani mapana yenye meno ukingoni. Hata huo haufanani wote: mmoja hunukia karafuu kwa sababu ya yujenoli, kemikali ileile iliyomo kwenye karafuu za Pemba, na mwingine una timoli, ambayo hukumbusha dawa ya kusukutua. Kwa hiyo usinunue mbegu kwa jina tu. Fikicha jani la mmea mama, na likinukia karafuu, omba kipande cha tawi lisilochanua, chenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Pukutisha majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, nacho kitatoa mizizi na kubaki na harufu ya mama yake. Kikishika, kihamishie juani kwenye chombo kilichotobolewa chini, na ukate mashuke ya maua mapema, la sivyo majani hupungua na shina hugeuka kuni.

Jikoni, majani matatu yaliyokatwa nyembamba yanatosha sufuria ya samaki wa nazi. Yatie pamoja na tui zito, dakika chache kabla ya kuepua, kwa kuwa harufu yake huruka na mvuke. Kwenye chai, jani moja ndani ya chupa linatosha. Mimi hulitoa mapema, kwani likikaa sana chai huwa chungu.